Kipengele Kilichoahidiwa Kikiondolewa, Mchangiaji wa Gemu Ana Haki Gani?

Studio ikitangaza kwamba kipengele ilichokiahidi wakati wa kuchangisha hakitakuwemo kwenye gemu, ubishi huzuka siku hiyo hiyo, na huwa ule ule. Upande mmoja husema: tumetapeliwa. Upande wa pili hujibu: ulichangia, hukununua, kwa hiyo tulia. Kila upande huzungumza kwa uhakika, na kila upande umeshika kipande tu cha ukweli. Katikati yao hubaki watu wengi waliotoa fedha zao kwa nia njema na hawajui kama wana haki ya kulalamika au wanadeka tu.

Makala haya ni kwa ajili ya hao wa katikati. Msimamo wangu niuseme mapema: kuondoa kipengele si dhambi, kwani hata gemu bora kabisa hupunguzwa njiani. Kinachovunja imani ni studio kukalia habari ambayo tayari inaijua, na kisha kumwachia mchangiaji abebe hasara peke yake.

Fedha ile ni ya aina gani?

Tuanze na maneno yenyewe. Gemu iliyochangiwa na umma ni ile ambayo sehemu kubwa ya gharama zake imetoka kwa wachezaji kabla haijatengenezwa. Jukwaa linalojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Kickstarter, lililoanzishwa Marekani mwaka 2009. Studio hutaja kiasi inachohitaji na tarehe ya mwisho. Kiasi hicho kisipofikiwa, hakuna anayekatwa hata senti. Kikifikiwa, kadi za wachangiaji hukatwa, jukwaa huchukua asilimia 5, wasindikaji wa malipo huchukua asilimia nyingine 3 hadi 5, na zinazobaki huenda kwa studio.

Kipengele ni jambo lolote ambalo gemu inaweza kulifanya au kumpa mchezaji: kucheza bila intaneti, kucheza wawili kwenye skrini moja, kusoma maandishi kwa lugha fulani, kuwa na toleo la mashine fulani ya kuchezea. Kuna pia malengo ya ziada. Haya ni ahadi zinazotangazwa wakati kampeni ikiendelea: tukifika dola milioni moja tutaongeza hiki, tukifika milioni mbili tutaongeza na kile. Ugomvi mwingi huanzia hapo, na nitarudi kueleza kwa nini.

Sasa, huyu aliyetoa fedha ni nani? Si mnunuzi wa dukani, kwa sababu hakuna kitu kilichopo cha kununua. Si mwekezaji, kwa sababu gemu ikiuza nakala milioni kumi hapati gawio. Wala si mtoaji wa sadaka, kwa sababu ameahidiwa kitu mahususi kwa maandishi. Amelipia kazi ambayo bado haijafanywa. Ni sawa na mtu aliyempa fundi seremala fedha za mbao ili amtengenezee kabati lenye kufuli la kuhifadhia hati zake. Miezi inapita, fundi analeta kabati zuri, limepigwa vanishi likang'aa, milango imekaa sawasawa, lakini kufuli halina. Anaeleza kwamba mbao alizopata hazikukubali. Kwa jirani ambaye angeweka vyombo, kabati hilo halina kasoro. Kwa mwenye hati, limekosa ile sababu ya kulilipia. Huwezi kumwita fundi mwizi, maana kazi inaonekana. Huwezi pia kumwambia mwenye hati kwamba hana la kudai kwa kuwa kabati analo.

Septemba 2012 Kickstarter yenyewe iliandika waziwazi kwamba si duka. Kauli hiyo imegeuzwa ngao: kila mchangiaji anapouliza, anarushiwa. Lakini masharti ya jukwaa hilo, yaliyoandikwa upya Oktoba 2014, yanasema pia kwamba kampeni ikifanikiwa kunakuwa na mkataba kati ya mwenye mradi na mchangiaji. Kickstarter haimo ndani ya mkataba huo, na ndiyo maana haikurudishii fedha. Mwenye mradi akishindwa kutimiza ahadi, anatakiwa aeleze kazi iliyofanyika, fedha zilivyotumika na kilichomkwamisha, afanye kila linalowezekana kuufikisha mradi kwenye mwisho mwema, na ajitolee kurudisha fedha zilizobaki kwa wasiopata walichoahidiwa au aonyeshe zitakavyotumika kumaliza kazi. Kwa hiyo ile kauli ya "ulichangia, tulia" haina msingi hata ndani ya kanuni za jukwaa lenyewe.

Na neno utapeli nalo lina mahali pake. Juni 2015 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilishughulikia kesi yake ya kwanza ya uchangishaji wa aina hii. Mshtakiwa alikuwa amekusanya zaidi ya dola 122,000 kwa ajili ya mchezo wa ubaoni, na tume ikasema sehemu kubwa ilienda kwenye matumizi yake binafsi, kodi ya nyumba ikiwemo. Huo ndio utapeli: fedha zinakwenda kwingine. Studio iliyotumia kila senti kutengeneza gemu, kisha ikashindwa kumaliza kipengele kimoja, imefanya jambo tofauti. Inaweza kuwa imekosea vibaya, na bado si tapeli. Tukichanganya hayo mawili tunaishiwa maneno siku matapeli wa kweli wanapotokea.

Novemba 2014

Kisa kinachofaa kutazamwa kwa karibu ni cha Elite: Dangerous, gemu ya kurusha vyombo vya anga na kufanya biashara kati ya nyota. Gemu ya kwanza ya mfululizo huo ilitoka mwaka 1984, ikiwa kazi ya David Braben na Ian Bell. Mwishoni mwa 2012 kampuni ya Braben, Frontier Developments ya Uingereza, ilikwenda Kickstarter kuomba pauni milioni 1.25. Kampeni ilipofungwa Januari 2013 ilikuwa na takriban pauni milioni 1.58 kutoka kwa watu zaidi ya 25,000.

Wakati kampeni ikiendelea, watu waliuliza swali moja tena na tena: je, mtu ataweza kucheza peke yake bila kuunganishwa na seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu kupitia intaneti? Desemba 2012 jibu likaongezwa kwenye ukurasa wa kampeni: ndiyo, itawezekana. Tafadhali zingatia mpangilio huo. Ahadi hii haikuwa pambo lililokuwepo tangu mwanzo ambalo mtu angelipita bila kulisoma. Ilitolewa kama jibu kwa watu waliokuwa wanaamua kutoa au kutotoa fedha.

Katikati ya Novemba 2014, gemu ikiwa imebakiza mwezi mmoja itoke, Braben alieleza katika jarida la habari la kampuni kwamba kucheza bila intaneti kumeondolewa. Sababu iliyotolewa ni kwamba ulimwengu wa gemu umekuwa kitu kinachobadilika kila siku kupitia seva, na kwamba toleo lisilounganishwa lingekuwa pungufu mno.

Kiufundi, maelezo hayo yana mantiki. Galaksi ya gemu hiyo ina mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Haiwezekani kuihifadhi mmoja mmoja. Huzalishwa kwa kanuni za hesabu, na kazi hiyo kompyuta ya mchezaji inaiweza. Lakini bei za bidhaa, kazi za kufanya, vita kati ya makundi na matokeo ya matendo ya wachezaji wengine, vyote hivyo viliwekwa kwenye seva za kampuni. Ukikata waya, unabaki na nyota bila maisha. Ili mtu acheze bila intaneti, ama sehemu ile ya seva ihamishiwe kwenye kompyuta yake, ama itengenezwe galaksi ya pili iliyoganda. Vyote viwili ni kazi ya miezi mingi. Hali ya kucheza peke yako ilibaki, ila nayo inataka muunganisho.

Niliposoma masharti ya kurejesha fedha yaliyofuata ndipo nilipoona tatizo lilipo. Kampuni ilisema walioagiza gemu mapema kwenye duka lake na bado hawajaicheza wanaweza kurudishiwa fedha. Waliokwisha kucheza matoleo ya majaribio, wakiwemo waliochangia Kickstarter, hawawezi. Yaani waliojitokeza mapema zaidi, wakakaa na gemu isiyokamilika na kusaidia kutafuta kasoro zake, ndio walioambiwa hawana haki. Baada ya kelele, kampuni ilisema itaangalia maombi moja moja. Lakini ujumbe wa kwanza ulikuwa umeshafika: kadiri ulivyotuamini mapema, ndivyo unavyodai kidogo. Sijui ujumbe mbaya zaidi wa kumpa mtu aliyekufadhili kabla hujawa na kitu cha kumwonyesha.

Wengi waliitetea Frontier kwa kusema kwamba wanaotaka kucheza bila intaneti ni wachache. Pengine. Lakini hoja hiyo inapima kitu kisichohusika. Baharia anayekaa majini kwa miezi, mtu ambaye muunganisho wake hukatika kila jioni, mtu ambaye data humgharimu kuliko gemu yenyewe, hao walikuwa wamelipia kwa sababu ya sentensi ile moja. Uchache wao hauifanyi ahadi yao kuwa ndogo. Na kuna wale waliowaza mbali zaidi: gemu inayoishi kwenye seva hufa siku seva zinapozimwa. Ubisoft ilipozima seva za The Crew mwishoni mwa Machi 2024, gemu iliyotoka Desemba 2014, mwezi ule ule na Elite: Dangerous, walioinunua hawakuweza tena kuicheza hata peke yao. Waliouliza swali lile mwaka 2012 hawakuwa wanababaika.

Kwa nini vipengele hukatwa hata fedha zikizidi

Dhana inayosumbua kuliko zote ni hii: waliomba laki nne, wakapata milioni tatu, kwa hiyo fedha wanazo. Tupige hesabu. Studio za Marekani zimezoea makadirio ya mkono kwamba mtu mmoja hugharimu dola 10,000 kwa mwezi ukijumlisha mshahara, bima, ofisi na vifaa. Kampeni ikileta dola milioni moja, ukitoa makato ya jukwaa na ya malipo unabaki na kama laki tisa. Toa bado fulana, vitabu, masanduku na gharama za kuvituma duniani kote. Hata tukisema zimebaki laki tisa kamili, timu ya watu 20 itazimaliza kwa miezi minne na nusu. Gemu kubwa huchukua miaka miwili, mitatu, hata zaidi.

Studio ya Double Fine ilionyesha hili mbele ya macho ya kila mtu. Februari 2012 iliomba dola 400,000 kwa gemu ya kusimulia hadithi na filamu ya kuonyesha inavyotengenezwa. Ilipata dola milioni 3.3 kutoka kwa watu zaidi ya 87,000. Julai 2013 mkuu wa studio, Tim Schafer, alieleza kwamba gemu waliyoibuni ni kubwa kuliko fedha hizo, na kwamba wataigawa mara mbili ili mauzo ya sehemu ya kwanza yalipie ya pili. Broken Age ikatoka kwa vipande, Januari 2014 na Aprili 2015. Fedha zilikuwa mara nane ya kilichoombwa, na bado hazikutosha, kwa sababu zilipoongezeka, ndoto nayo iliongezeka.

Hapo ndipo malengo ya ziada yanapoleta balaa. Hutangazwa katika wakati mbaya kuliko wote wa kutoa ahadi: kampeni imepamba moto, tarakimu zinapanda kila saa, na gemu yenyewe bado ni michoro na matumaini. Mtu anaandika "usiku na mchana" kwenye orodha kana kwamba ni kuzima na kuwasha taa. Studio ya Larian ya Ubelgiji iliahidi hivyo kwa Divinity: Original Sin, iliyochangiwa mwaka 2013: mzunguko wa mchana na usiku, na wakazi wa mji wenye ratiba zao za siku. Fikiria kazi iliyomo ndani ya mstari huo. Kila mhusika anahitaji pa kulala. Muuza silaha akifunga duka usiku, mchezaji aliyeishiwa mishale afanye nini? Shahidi wa mauaji akienda kulala, uchunguzi unaendeleaje? Kila kazi ndani ya gemu sasa inapaswa kujaribiwa mchana na kujaribiwa tena usiku. Kipengele kimoja kinakuwa kimeigusa gemu nzima. Larian iliamua kukiacha na kupeleka nguvu kwenye mengine, na ikaeleza hivyo kabla gemu haijatoka Juni 2014.

Studio zinazofadhiliwa na wachapishaji, yaani kampuni zinazogharamia gemu na kuziuza, nazo hukata vipengele namna hiyo hiyo kila mwaka. Tofauti ni kwamba hatuoni. Kinachokatwa kilikuwa kwenye hati za ndani, na mchezaji hukutana na gemu iliyokamilika bila kujua ilikusudiwa iweje. Gemu ya kuchangiwa hukatwa hadharani, mbele ya watu wenye risiti.

Ukimya

Ndani ya studio, kipengele mara nyingi hakifi siku moja. Kinasogezwa. Hakikuwa tayari mwezi Machi, kinapelekwa Juni. Juni kuna kasoro kubwa zaidi za kurekebisha, kinapelekwa Septemba. Septemba yule aliyekuwa anakishughulikia amehamishiwa kwingine. Hakuna aliyesema kimeondolewa, lakini kila mtu anajua hakipo. Studio inaweza kwa dhati kabisa kujiambia kwamba bado haijaamua, na wakati huo huo wachangiaji wanaendelea kusubiri kitu ambacho hakuna anayekitengeneza. Ndiyo maana siamini kwamba ukimya wote ni uongo. Lakini pia siamini kwamba hauna dawa. Dawa ni kupanga tarehe mapema: ikifika siku fulani na kipengele hakijasimama, tunatangaza.

Gemu ya Torment: Tides of Numenera ilikosa tarehe ya namna hiyo. Studio yake, inXile, ilikusanya zaidi ya dola milioni 4 mwaka 2013, kutoka kwa watu zaidi ya 74,000. Januari 2017, wiki chache kabla gemu haijatoka tarehe 28 Februari, ndipo ilipothibitishwa kwamba baadhi ya yaliyoahidiwa kwenye malengo ya ziada hayamo: wahusika kadhaa wa kuandamana na mchezaji, mfumo wa kutengeneza vitu, tafsiri ya Kiitaliano. Kwa mchangiaji wa Italia aliyesubiri karibu miaka minne ili asome gemu yenye maneno mengi kiasi hicho kwa lugha yake, hili halikuwa pungufu dogo. Baadaye mwaka huo studio iliongeza mhusika mmoja bila malipo, jambo jema, lakini maumivu makubwa yalitokana na kwamba watu walilazimika kuuliza ndipo waambiwe.

Linganisha na Bloodstained: Ritual of the Night ya Koji Igarashi, iliyokusanya dola milioni 5.5 mwaka 2015. Ilikata mengi. Toleo la PlayStation Vita, mashine ya mkononi, liliondolewa mwaka 2018, mashine yenyewe ikiwa inaaga soko. Matoleo ya kompyuta za Mac na Linux yakafuata Desemba mwaka huo. Kila mara wachangiaji walioguswa walipewa nafasi ya kuhamia mashine nyingine, na gemu ilikuwa bado haijatoka. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba ile hali ya kucheza kwenye ngome inayojipanga upya kila mara haiwezekani, kwa sababu gemu ilivyojengwa hairuhusu, na mahali pake ikaja hali ya kuchanganya vitu na maadui ndani ya ngome ile ile. Kwa mtu anayetumia Linux pekee, kuhamia mashine nyingine si jibu, na hao waliumia kwa haki. Lakini walijua mapema, na waliambiwa sababu inayoeleweka.

Nani anabeba hasara?

Shenmue III ilikusanya zaidi ya dola milioni 6 mwaka 2015. Katikati ya 2019 ilitangazwa kwamba toleo la kompyuta litapatikana kwanza kwenye duka la mtandaoni la Epic pekee, wakati wachangiaji walikuwa wameandaliwa kulipokea kupitia duka shindani, Steam. Hakuna hata herufi moja ya gemu iliyobadilika, na watu wengi wa nje walishangaa hasira inatoka wapi. Ilitoka hapa: makubaliano mapya yaliinufaisha studio na duka, na gharama yake, yaani usumbufu na ahadi iliyovunjika, ikabaki kwa wachangiaji. Julai wakaambiwa anayetaka fedha zake atarudishiwa, na Epic ikakubali kulipa gharama hizo. Kelele zilipungua sana. Wengi hawakuhitaji kurudishiwa ili watulie. Walihitaji kujua kwamba mlango upo.

Hilo ndilo studio nyingi hazilielewi. Zinaogopa kwamba zikifungua mlango wa kurudisha fedha kila mtu atatoka, na fedha zenyewe zimeshakuwa mishahara. Hofu hiyo ni ya kweli kwa studio ndogo, siidharau. Lakini si lazima mlango uwe wa kila mtu. Anayeondolewa kipengele kilichomfanya achangie ni kundi linaloweza kutambulika, hasa pale ambapo mashine au lugha aliyoichagua imeandikwa kwenye fomu yake.

Kama kuna anayedhani imani ni neno laini lisilopimika, atazame miezi ya Julai hadi Septemba 2015, studio mbili ziliporudi Kickstarter kuomba tena. Ya kwanza ilikuwa Comcept ya Keiji Inafune. Mwaka 2013 ilikusanya dola milioni 3.8 kwa ajili ya Mighty No. 9, ikiahidi hata matoleo ya mashine za mkononi za 3DS na Vita. Ilipokuja kuomba dola 800,000 kwa gemu mpya, Red Ash, ile ya kwanza ilikuwa imeshaahirishwa na haijawafikia wachangiaji. Katikati ya kampeni ikatangazwa kwamba kampuni ya China, Fuze, itagharamia gemu yenyewe, na michango itaongeza tu vilivyomo. Red Ash haikufikia lengo. Mighty No. 9 ilitoka Juni 2016, na matoleo yale ya mkononi hayajaonekana hadi leo.

Ya pili ilikuwa Larian, ile ile iliyokata usiku na mchana. Iliomba dola 500,000 kwa ajili ya Divinity: Original Sin II, ikapata zaidi ya milioni 2. Nayo ilikuwa imevunja ahadi. Lakini ilikuwa imeeleza, ilikuwa imetoa gemu iliyosifiwa, na ilikuwa imetangaza toleo lililoboreshwa, lenye sauti za wahusika wote, ambalo kila aliyekuwa na gemu ya kwanza angelipata bure. Sisemi kwamba kipengele kimoja ndicho kilichoamua matokeo ya kampeni hizo mbili; ubora wa gemu na majina yake vilichangia pia. Ninachosema ni kwamba watu waliokatiwa kipengele walirudi na kadi zao mkononi, na kwamba waliosubirishwa bila kuona kitu hawakurudi kwa wingi uliotakiwa.

Ukiwa wewe ndiye mchangiaji

Kwanza soma tena maneno yaliyoandikwa. Kuna umbali mkubwa kati ya "tungependa kuongeza" na "itakuwepo". Sentensi ya kwanza ni tumaini, na ukilishika kama deni utabishana bure. Ya pili ni ahadi. Ukurasa wa kampeni ya Kickstarter hufungwa usihaririwe baada ya kampeni kuisha, kwa hiyo ushahidi hubaki pale pale. Lakini ahadi zilizotolewa kwenye majibu ya maswali, mahojiano au tovuti ya studio hufutika, na hizo inafaa kuzihifadhi siku unapotoa fedha.

Kisha tafuta walijua lini. Taarifa za maendeleo zina tarehe. Kipengele kikitajwa kila mwezi, halafu kikapotea kwa mwaka mzima bila neno, uliza wakati huo, kwa adabu na kwa kukitaja kwa jina. Usisubiri wiki ya kutoka kwa gemu. Studio iliyoulizwa mapema na watu mia wenye hoja moja ina sababu ya kukilinda kipengele hicho wakati bado kuna fedha na watu wa kukitengeneza.

Ukiandika kuomba fedha zako, usiandike kwamba gemu ni mbaya, maana huo ni ubishi wa ladha. Nakili sentensi ya ahadi, taja tarehe yake, eleza kwa nini ndiyo iliyokufanya uchangie, na omba kurudishiwa au kupewa mbadala unaoweza kuutumia. Usitegemee benki ikusaidie: muda wa kupinga malipo ya kadi kwa kawaida huhesabiwa kwa miezi, na vipengele vya gemu huondolewa baada ya miaka. Wa kumdai ni yule aliyeandika sentensi ile.